Gilda Olvidado na Machozi ya Kila Wiki

Mwaka 1989 mwongozaji Lino Brocka alitoa filamu mbili ambazo ungeapa hazikutoka kwenye mkono mmoja. Ya kwanza, Orapronobis, ilihusu makundi ya wanamgambo yaliyokuwa yakiua watu vijijini Ufilipino hata baada ya Ferdinand Marcos kung'olewa madarakani. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na wakubwa wa Manila hawakuifurahia. Ya pili iliitwa Babangon Ako't Dudurugin Kita, yaani "Nitainuka na Nitakusagasaga". Hiyo haikuhitaji Cannes. Ilikuwa na Sharon Cuneta, kipenzi cha taifa zima, ilikuwa na mwanamke aliyedhulumiwa mwenye hesabu ya kulipiza, na hadithi yake ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wasomaji kwenye jarida la katuni kabla kamera haijawashwa.

Aliyeiandika hadithi hiyo ni Gilda Olvidado.

Jina hili halimwambii kitu msomaji wa Nairobi au Morogoro, na hata kwao Ufilipino kijana wa leo anaweza kulipita bila kugeuka. Kinachojulikana ni filamu. Sinasamba Kita, "Ninakuabudu", iliongozwa na Eddie Garcia mwaka 1982. Mwaka 1984 ikatoka Dapat Ka Bang Mahalin?, "Je, Unastahili Kupendwa?", na mwaka huohuo Laurice Guillen akaongoza Kung Mahawi Man ang Ulap. Mwaka 1987 Ishmael Bernal, ambaye tayari alikuwa na heshima kubwa kwa filamu yake ya Himala, aliichukua Pinulot Ka Lang sa Lupa, "Uliokotwa tu Chini", naye Garcia akarudi na Saan Nagtatago ang Pag-ibig?, "Mapenzi Yamejificha Wapi?" Miaka miwili baadaye ndipo Brocka naye akaja. Kwa maneno mengine, katika muongo ambao sinema ya Ufilipino ilikuwa na waongozaji wake wakali kuliko wakati wowote, wakali hao walipanga foleni mlangoni kwa mwanamke mmoja aliyeandikia majarida ya bei ya chini.

Yasikilize majina hayo. Karibu yote ni kauli za mtu anayemsemesha mwenzake uso kwa uso, na mara nyingi amekasirika. Huhitaji kujua hadithi inahusu nini. Umesimama dirishani pa duka, mtu anamwambia mtu mwingine kwamba aliokotwa tu chini, na tayari unataka kujua ni nani anayetukanwa na atajibu nini. Mwandishi anayejua kuuza riwaya yake kwa maneno matatu au manne hafundishwi tena biashara.

Tuanzie kwenye karatasi yenyewe. Ufilipino ina historia ndefu ya hadithi za picha. Jarida la Liwayway, lililoanzishwa mwaka 1922, ndilo lililomlea Kenkoy, kijana mtanashati wa kuchekesha aliyebuniwa na mchoraji Tony Velasquez na mwandishi Romualdo Ramos mwaka 1929. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaja Halakhak, mwaka 1946, ambalo halikudumu, kisha mwaka 1947 Pilipino Komiks, lililodumu. Ndani ya majarida hayo ndimo alimozaliwa Darna, mwanamke shujaa wa Mars Ravelo, mwaka 1950, na baadaye nguva Dyesebel. Kampuni zilikufa na kuzaliwa upya kwa majina mengine, wahariri wakahama na wachoraji wao, na kufikia miaka ya 1970 na 1980 majarida ya katuni yalikuwa ndiyo maandishi yanayosomwa zaidi na mtu wa kawaida nchini humo. Shuleni Kiingereza kilikuwa na nafasi kubwa. Fasihi ya heshima nayo ilipenda Kiingereza. Katuni zilikuwa kwa Kitagalogi, na mtu wa visiwa vya mbali ambaye hakuzaliwa nacho alikiokota humohumo.

Si kila msomaji alinunua. Kwenye vijiduka vya mitaani, vile vinavyouza kiberiti, sabuni ya kipande na sigara mojamoja, mwenye duka alifunga kamba mbele ya dirisha, akaning'iniza majarida kwa vibanio vya nguo, akaweka na benchi pembeni. Ulilipa sentimo chache, ukachagua, ukakaa, ukasoma hapohapo, ukarudisha. Nakala moja ilimfikia fundi cherehani, konda wa jeepney, mwanafunzi aliyetoroka kipindi, msichana wa kazi aliyetumwa siki na ambaye bi mkubwa wake alikuwa akishangaa kwa nini siki inachukua muda mrefu namna hiyo. Ikifika jioni pembe zimekunjika na jalada limelegea. Mchapishaji alikuwa ameuza nakala moja tu, lakini mtaa mzima ulikuwa umeshajua kilichompata mhusika mkuu.

Mwandishi wa katuni za aina hii hachori. Kazi yake ni kupiga taipu mswada, kisanduku baada ya kisanduku: hapa mwanamke anashuka ngazi, hapa uso wake unaonekana kwa karibu, maneno ndani ya kiputo ni haya, maelezo ya juu ni haya. Mswada ukipita kwa mhariri unakwenda kwa mchoraji, kisha kwa mwandika herufi, kisha kiwandani. Katika kila toleo riwaya moja ilipewa kurasa chache tu, kwa kuwa jarida hilohilo lilibeba riwaya nyingine kadhaa, zote zikigombea jicho la msomaji yuleyule aliyekaa kwenye benchi lilelile. Ukurasa wa kwanza ulipaswa kumkumbusha yaliyopita bila kumchosha aliyekwisha kuyasoma. Ukurasa wa mwisho ulipaswa kumwacha na roho juu: bahasha haijafunguliwa, kitasa cha mlango kinazunguka, daktari amefumbua mdomo. Halafu neno lile ambalo msomaji wa hadithi za magazeti yetu analijua vizuri, kwamba itaendelea.

Mwandishi wa riwaya ya kawaida ana anasa moja kubwa. Anaweza kuboronga sura nzima, akaijua mwaka unaofuata, akaifuta. Mwandishi wa riwaya ya kila wiki hana anasa hiyo. Alichokiandika Jumatatu kimekwisha kuchapwa, kimekwisha kukodishwa, na sasa ni sehemu ya maisha ya watu wengine. Kama mwezi uliopita alimuua mtu, huyo amekufa, isipokuwa atafutiwe pacha. Na kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa kila sehemu iliyoandikwa, waandishi wengi waliendesha riwaya kadhaa kwa mpigo kwenye majarida tofauti, baadhi yao wakijificha nyuma ya majina ya kubuni ili ukurasa wa yaliyomo usionekane ni wa mtu mmoja. Hiyo ndiyo shule iliyompika Olvidado, na kwa maoni yangu hakuna shule ya uandishi yenye mwalimu mkali kuliko mwenye duka ambaye jarida lisilokodishwa hulirudisha.

Sasa, waliodharau hadithi hizi, na walikuwa wengi, walisema kila siku ni yaleyale: tajiri na maskini, mke na hawara, ndugu wawili wanagombania mume mmoja, mtoto asiyejulikana baba yake, jumba lenye ngazi ndefu. Ni kweli. Lakini nadhani wadharau hawa hawakuzifungua sheria za nchi yao.

Ufilipino haina talaka kwa raia wake wasio Waislamu. Waislamu waliwekewa utaratibu wao kwa amri ya rais ya mwaka 1977. Wengine wote, ambao ndio idadi kubwa, wakifunga ndoa wamefunga. Wanaweza kuomba mahakama itamke kwamba ndoa haikuwa halali tangu mwanzo, kesi ya gharama na ya miaka, au watenganishwe vitanda bila ruhusa ya kuoa tena. Wakati huohuo Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 inamtazama mke na mume kwa macho mawili tofauti. Mke akilala na mwanamume mwingine hata mara moja, ametenda jinai. Mume, ili atiwe hatiani, ni lazima awe amemweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa, au anaishi naye kwingine, au wanafanya mambo yao kwa namna ya kuleta kashfa. Kisha kuna mtoto. Chini ya Sheria ya Familia iliyotiwa saini mwaka 1987, mwaka uleule wa filamu mbili za Olvidado, mtoto wa nje ya ndoa sehemu yake ya lazima katika urithi ni nusu ya ile ya mtoto wa ndani. Kabla ya hapo hali yake haikuwa nzuri zaidi.

Chukua nchi ya namna hiyo, mweke mwanamume mwenye mali, mpe miaka ishirini. Utapata nyumba kubwa na nyumba ndogo. Utapata dada wawili wa damu nusu, mmoja amekulia juu ya ngazi za marumaru, mwingine amekulia akielezwa kwamba siku moja baba atakuja. Utapata mke anayejua kila kitu na hana pa kwenda. Sinasamba Kita, hadithi ya dada wawili wa namna hiyo na mwanamume waliyempenda wote wawili, haikutungwa kutokana na hewa. Katika kila mtaa uliokuwa na benchi la kukodishia katuni, palikuwa na mtu aliyejua hasa nusu ni kiasi gani.

Na kuna la pili. Mwaka 1974 serikali ya Marcos iliuweka ndani ya sheria ya kazi utaratibu wa kupeleka wafanyakazi ng'ambo. Wanawake wakaanza kuondoka, mwaka hata mwaka wengi zaidi, kwenda Hong Kong, Singapore, Saudi Arabia, kufanya kazi za ndani kwa watu wengine. Msichana aliyekuwa akisoma habari za kijakazi anayedhalilishwa na bi mkubwa hakuwa akisoma ndoto. Alikuwa akisoma kitu kinachofanana na barua ya dada yake, tofauti ni kwamba katika barua dada hakuinuka akamsagasaga mtu.

Nichukue moja ya kazi zake niiangalie kwa karibu, Saan Nagtatago ang Pag-ibig?, kama ilivyofika kwenye sinema. Estella, aliyechezwa na Vilma Santos, anapata mimba ya Rick, kijana wa familia tajiri. Rick hayuko tayari kubeba mzigo wake. Yuko ndugu yake wa damu nusu, Val, mwenye ulemavu wa akili, na kwa hila za Rick Estella anaozwa Val. Hesabu ni nyepesi: tumbo limepata mume, familia imepata heshima, Rick amepata nafasi ya kuendelea kama kawaida. Val haulizwi. Estella naye anakubali, akiwa amekwisha kuhesabu kwamba mlango huo ndio pekee ulio wazi.

Mwandishi wa kawaida wa hadithi za machozi angemtumia Val kama mzaha au kama malaika wa kufa mapema ili kupisha njia. Olvidado hakufanya hivyo. Amemwacha mtu huyu aliyefichwa na jamaa zake awe ndiye pekee ndani ya nyumba ile asiyejua kusema uongo, na pole pole hadithi inamgeuka Rick. Mwanamke aliyeuzwa anaanza kumwona mume wake kuwa mume. Ile hila inakuwa ndoa, na Rick, aliyedhani amejiokoa, anashika tama akiangalia alichokitupa kikiwa mikononi mwa mtu aliyemdharau. Katika onyesho lililojulikana kuliko yote, Estella analipuka, analitaja jina la Val mara baada ya mara, hasira na uchovu na kitu kingine vikiwa vimechanganyika ndani ya jina hilohilo moja. Wachekeshaji wa Ufilipino wanaliiga onyesho hilo mpaka leo, wakiwa wamevaa wigi na kunyoosha kidole. Watu wanacheka, lakini huwezi kumwiga mtu ambaye hadhira haimjui kwa moyo. Vilma Santos mwenyewe baadaye aliingia siasa, akawa meya wa mji wa Lipa na kisha gavana wa jimbo la Batangas, na nina hakika katika mikutano yake ya kampeni walikuwapo waliokuja kumwangalia Estella.

Olvidado hakuwa peke yake. Kabla yake alikuwapo Elena Patron, mkongwe aliyeandika Blusang Itim, "Blauzi Nyeusi", hadithi ya msichana asiye na sura nzuri anayevaa blauzi ya miujiza na kugeuka mrembo. Ilitengenezwa filamu mwaka 1986, Snooky Serna akiwa ndani yake. Na sambamba naye alikuwapo Nerissa Cabral, ambaye huwezi kumzungumzia mmoja bila kumtaja mwingine. Cabral ndiye mwenye Bukas Luluhod ang mga Tala, "Kesho Nyota Zitapiga Magoti", na Maging Akin Ka Lamang, ambayo Brocka aliiongoza mwaka 1987. Ndiye pia mwenye Bituing Walang Ningning, "Nyota Isiyong'aa", ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Emmanuel Borlaza.

Katika hii ya mwisho shabiki maskini, Dorina, anapanda ngazi za muziki mpaka anamfikia mwimbaji aliyekuwa akimwabudu, Lavinia Arguelles. Kwenye karamu, mbele ya watu, Lavinia anammwagia kinywaji usoni na kumtupia sentensi moja ya dharau, kwa Kiingereza. Lugha hiyo imechaguliwa kwa makusudi. Matusi ya tabaka la juu huja na lafudhi yake. Cherie Gil, aliyecheza Lavinia, aliigiza mengi mazito maishani mwake, lakini alipofariki mwaka 2022 karibu kila taarifa ya msiba ililirudia onyesho lile la glasi. Waigizaji wana bahati hiyo. Mwenye riwaya hatajwi hata kwenye taarifa za msiba za wengine.

Kwa nini wanawake hawa hawakuhesabiwa? Sababu ya kwanza ni msomaji wao. Mwongozaji Lamberto Avellana aliwahi kuwapachika watazamaji wa filamu za bei ya chini jina lililotokana na mitalawanda, viatu vya mbao vya watu wa hali duni, na jina hilo lilidumu kwa miongo. Ukiandikia watu wa mitalawanda, wewe nawe umevaa mitalawanda. Sababu ya pili ni jinsia, ingawa hilo linahitaji kusemwa kwa uangalifu, maana wanaume wa katuni nao walidharauliwa. Lakini wao walikuwa na mashujaa wenye panga na majoka, vitu ambavyo baadaye wasomi waliweza kuviita visasili vya taifa. Mke anayelia jikoni hana wa kumwita kisasili. Mhakiki Soledad Reyes wa Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila ni miongoni mwa wachache waliochukua riwaya na burudani za umma za Kitagalogi na kuzisoma kwa umakini uleule wanaopewa wengine, na wanaosema hakuna cha kusoma humo wangeanza kwa kubishana naye.

Hata hivyo sitaki kumpamba mtu kupita kiasi. Riwaya hizi zina kasoro zinazoudhi. Sadfa inafanya kazi nyingi mno: watu wanagongwa na magari kwa wakati unaofaa na barua zinapotea kwa wakati unaofaa. Wanawake wanapigana wao kwa wao, kofi kwa kofi, juu ya mwanamume ambaye ukimtazama vizuri hastahili hata chai ya mkono wa kushoto. Na njia ya kuinuka karibu daima ni moja, kutajirika, kana kwamba ubaya wa jumba kubwa ungeisha kwa kubadilisha mwenye funguo. Dorina, baada ya kuhangaika kote kule, anauacha muziki kwa ajili ya mapenzi. Msomaji wa leo atakunja uso, na ana haki.

Kilichozifikisha hadithi hizi kwenye skrini ni biashara iliyopangwa vizuri. Kampuni ya Viva Films, iliyoanza mwaka 1981 na filamu ya Sharon Cuneta, iligundua kwamba jarida la katuni ni utafiti wa soko usiogharimu kitu. Riwaya iliyokuwa ikikodishwa sana ilikuwa imekwisha kujipimia wateja. Unanunua haki, unaweka nyota wakubwa wawili wa kike wanaochukiana ndani ya hadithi, unatunga wimbo wenye jina lilelile la filamu, redio inaupiga, na Willy Cruz, mtunzi wa wimbo wa Bituing Walang Ningning, anafanya watu waimbe jina la riwaya ya Cabral bila kujua kuwa ni riwaya.

Miaka ya 1990 duka lilianza kufungwa. Televisheni iliingia kwenye nyumba zilezile zilizokuwa zikikodi. Vitabu vidogo vya mapenzi vya kutia mfukoni, kama vile vya Precious Hearts Romances vilivyoanza mwaka 1992, vilimpa msomaji hadithi nzima kwa siku moja badala ya kumsubirisha. Mwaka 1996 Atlas, mojawapo ya nyumba kubwa za katuni, iliangukia mikononi mwa kampuni ya maduka ya vitabu. Waandishi wengi wakahamia kwenye vitabu vya mfukoni, redio na miswada ya televisheni. Kamba za vibanio zikatolewa.

Lakini riwaya hazikufa. Mwaka 2007 kituo cha GMA kilianzisha mfululizo wa mchana ulioitwa Sine Novela, wa kuzigeuza filamu za zamani kuwa tamthilia, na hadithi ya kwanza kuchaguliwa ilikuwa Sinasamba Kita. Zikafuata Kung Mahawi Man ang Ulap, Magdusa Ka, Babangon Ako't Dudurugin Kita, Dapat Ka Bang Mahalin? Miongoni mwazo Magdusa Ka, "Teseka", iliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya Kimataifa ya tamthilia bora mwaka 2009. Haikushinda, walishinda Wabrazili. Mwaka 2017 Pinulot Ka Lang sa Lupa ikarudi tena, na waigizaji ambao hawakuwa wamezaliwa filamu ilipotoka. Hadithi iliyotungwa kwa ajili ya karatasi ya kukodi imeishi maisha matatu: katuni, sinema, runinga.

Hapa ndipo inapotugusa sisi. Tangu enzi za tamthilia ya The Promise, sebule nyingi za Kenya na Tanzania zimekaa jioni mbele ya tamthilia za Kifilipino, na wako mama zetu wanaojua mila za familia tajiri za Manila kuliko za jirani yao. Tamthilia hizo, hata zile zisizotokana moja kwa moja na katuni, zimerithi mifupa iliyojengwa na akina Patron, Cabral na Olvidado: ndugu wa damu nusu, mwanamke anayerudi na jina jipya, sehemu inayoishia mlango unapofunguliwa. Mtazamaji wa Mwanza anayesema "huyu leo atajulikana tu" anacheza mchezo uliobuniwa kwenye benchi la duka la Manila.

Na mchezo unaendelea kwa njia nyingine. Viva, kampuni ileile, mwaka 2014 iliitoa Diary ng Panget, filamu iliyotokana na hadithi iliyoandikwa sehemu kwa sehemu na mwanamke kijana kwenye mtandao wa Wattpad, wasomaji wakiifuata kwa simu. Hakuna mhariri, hakuna mchoraji, hakuna kamba. Msomaji bado anasubiri sehemu inayofuata.

Mwaka 2014 Francisco Coching, mchoraji na mwandishi wa katuni aliyekwisha kufariki, alitangazwa Msanii wa Taifa. Miaka mitano kabla yake Carlo J. Caparas, mwandishi wa katuni ya Panday, alikuwa ametangazwa na Rais Gloria Arroyo, wasomi wakaandamana, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikalifuta tangazo hilo kwa sababu utaratibu ulikiukwa. Kelele zilikuwa nyingi kuhusu kama mtu wa katuni anastahili. Katika kelele zote hizo majina yaliyokuwa mezani yalikuwa ya wanaume.

Majarida yenyewe yalichapwa kwenye karatasi duni, ile inayogeuka njano kisha kahawia kisha ikavunjika ukiikunja, na yalisomwa na mikono mingi mno kuweza kubaki mazima. Filamu kadhaa zimesafishwa na kuhifadhiwa. Kurasa zilizozizaa haziwezi kusubiri. Kama Ufilipino inataka kumpa Gilda Olvidado nafasi yake kati ya waandishi wa riwaya wa nchi hiyo, kazi ya kwanza ni kuzikusanya kurasa hizo na kuzichapa upya zikiwa kitabu chenye jina lake kwenye jalada, kubwa kuliko la Sharon Cuneta na Vilma Santos. Anastahili, na Cabral na Patron pamoja naye.